Kurasa Kumi na Tisa za Mtunza Taa

"Huyu mwanamke ni wewe," mama alisema.

Mhariri alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, akiitazama mvua ikipiga mabati ya jirani. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, lakini wingu lilikuwa limeshuka hata sebuleni wamewasha taa. Hakugeuka. Alidhani mama yake anasema na cherehani. Mtu aliyeshona miaka arobaini huwa na mengi ya kuiambia cherehani.

"Nasema na wewe. Weka hicho kikombe uje usome."

Mama alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, miwani imemshuka puani, karatasi zimemzunguka pande zote. Karatasi hizo zilitoka kazini kwa binti yake. Kurasa zilizoondolewa kwenye miswada ya watu, badala ya kutupwa, Mhariri alizileta nyumbani kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mweupe. Mama aliziunganisha kwa gundi, akachora juu yake mikono, kola na viuno vya magauni, kisha akakata. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walivaa nguo zilizopimwa juu ya riwaya zilizopunguzwa. Na siku mama aliposikia kwamba waandishi wamempachika binti yake jina la Mkasi, alicheka mpaka akakohoa, akasema basi kuna kitu mtoto amerithi.

Asubuhi hiyo alitaka kuchora mkono wa gauni la mteja. Akageuza karatasi kuangalia kama wino haujapenya, jicho likaangukia mstari, na tangu hapo hakuchora kitu.

Sasa alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, upana wa kidole kimoja, hivyo kila vazi humteleza upande huo, naye hulipandisha bila kujua kwamba amelipandisha."

Mhariri alikuwa akiipandisha shali yake begani. Mkono ukasimama palepale.

"Umeona?" mama alisema.

"Mama, hiyo ni riwaya. Huyo ni mtunza taa. Anaishi kwenye mji usio na jua."

"Ana bega lako. Nimekushonea tangu sare ya darasa la kwanza, na kila nguo yako naweka kipande cha kitambaa kwa ndani, kushoto, ili ikae sawa. Mteja mwingine mwenye bega hili sina. Sasa nieleze, huyo Mpima wako aliyeandika haya amelijuaje, na wewe uliniambia hajawahi kukugusa hata kidole?"

"Hajawahi."

"Basi amelitazama."

Mama akavuta karatasi nyingine, na nyingine. Mtunza taa alikuwa akivua kiatu kimoja tu, cha kulia, anapofikiri. Alicheka amefunga mdomo kwa sababu ya jino lililokatika. Alilowesha kidole kabla ya kufunua kitu chochote, hata mlango. Kila kimoja mama alikisoma kwa sauti ya mtu anayehakiki vipimo, akimtazama binti yake juu ya miwani kuhakikisha vinalingana. Kisha akafika kwenye kovu.

Hilo hakulisoma kwa sauti. Midomo ilitikisika tu, ikasimama. Alivua miwani, akampa binti yake ukurasa, akaanza kuokota pini ambazo hazikuwa zimemwagika.

Mhariri akasoma mwenyewe. *Juu ya kifundo cha mkono ana kovu la moto lenye ncha kama jani. Hulifunika kwa mkono wa vazi hata siku za joto, wala si kwa aibu. Hulifunika ili yule aliyemuunguza bila kukusudia asilione kila siku.*

Mhariri alikuwa na miaka minne alipoungua. Pasi ilikuwa ya mama. Katika miaka thelathini na minne hawakuwahi kulizungumzia.

"Huyu mtu," mama alisema, akiinamia pini, "nilisema hafai. Nilikosea. Yuko wapi?"

Mhariri akaketi kitini. Alijua Mpima yuko wapi. Alijua pia yeye mwenyewe alifanya nini na kurasa hizi.

Mpima alikuwa mpima ardhi. Mchana alipima viwanja vya watu, akaandika kila kilichopo mpakani: mti, jiwe, mtaro, ukuta ni wa nani. Wakati wake mwenyewe alikuwa anaandika riwaya ya fantasia, na mji wake wa kubuni akaupima vilevile. Kwa miaka minne alimjia Mhariri kazini kila Alhamisi saa ya chakula cha mchana, akakaa upande wa pili wa meza, wakabishana. Mhariri alizaliwa kabla yake kwa miaka minne, alikuwa ameshaolewa akaachika, hakuwa na hamu ya kuchekwa na watu. Lakini blauzi zake nzuri zilianza kuvaliwa Alhamisi. Naye Mpima, akipewa ukurasa, aliushika pale pale vidole vya mwenzake vilipotoka. Hakuna aliyetamka neno.

Mama aliliona kabla yao, akalikataa mapema. Alisema kijana ni mdogo, na akili yake inaishi nchi zisizokuwepo. "Mume wako wa kwanza naye alikuwa hayupo," alisema, "ila yule alikuwa hayupo hapahapa nyumbani. Huyu tutamtafuta wapi?"

Ubishi wa mezani ulikuwa mmoja tu, wala haukuisha. Mhariri alisema maelezo ni mengi mno. Ukishamwambia msomaji mji hauna jua, giza ameshaliona, usimhesabie matofali. Mpima alijibu kwamba katika hadithi ya mtaani kwetu ukisema kiti, kila mtu ana kiti chake kichwani. Mji ule hakuna aliyewahi kuufika. Usipomwelezea kiti, msomaji atakaa wapi?

"Atasimama," Mhariri alisema. "Wasomaji wana miguu."

Mpima alicheka siku ile mpaka akafuta machozi, na Mhariri akarudi nyumbani na kicheko kile masikioni kama mtu aliyepewa zawadi. Hata hivyo penseli haikumwonea huruma. Alikuwa na kanuni yake: kitu kisichoguswa na mtu yeyote kwenye hadithi, kinatoka. Ngazi ambayo hakuna anayeipanda inatoka. Dirisha ambalo hakuna anayechungulia linatoka. Isitoshe mashine ya kubana vitabu kule kiwanda cha uchapaji haikuweza kubeba zaidi ya kurasa mia tatu na ishirini bila mgongo wa kitabu kupasuka, na mswada wa Mpima ulizidi.

Ndipo alipofika kwa mtunza taa. Kurasa kumi na tisa. Mwanamke anapita barabarani akijaza taa mafuta, msafiri anamtazama, basi. Hapigani, hasafiri, hafi. Mhariri alizisoma mara tatu kwa sababu zilikuwa zimeandikwa vizuri kuliko sura nyingine zote, na hilo lilimtia wivu kidogo ambao hakujiuliza unatoka wapi. Mwishoni msafiri anasimama mlangoni kwa mtunza taa na kumuuliza: *Nikubebee kopo la mafuta? Si leo tu. Kila zitakapohitaji kuwashwa.* Baada ya swali hilo nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na jibu. Mhariri aliona mwandishi amechoka, akaandika pembeni, palepale kwenye weupe, kwa penseli:

*Haina haja. Toa.*

Alhamisi iliyofuata Mpima alikuja, akapitia masahihisho, akafika pale. Kisha akauliza, taratibu sana, kama amezisoma zote kumi na tisa. Mara tatu, Mhariri alisema, tena kwa fahari, maana miswada ya wengine aliisoma mara moja.

"Na bado umeona haina haja."

"Haina," alisema, akilowesha kidole na kufunua ukurasa unaofuata. "Tuendelee."

Wakaendelea. Mpima alitia sahihi kila palipotakiwa sahihi, akaaga kwa heshima, na Alhamisi tatu zikapita hajaonekana. Dada wa mapokezi ndiye aliyeleta habari kwamba ameomba mwenyewe kazi ya kusimika bikoni, nguzo za mpaka, mbali, miaka mitatu, na wanaondoka Jumamosi adhuhuri. Mhariri alisema vizuri, akaomba stepla.

"Saa ngapi sasa?" alimuuliza mama yake.

"Saa nne kasoro. Chukua mwavuli," mama alisema, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.

Ofisi ya upimaji ilikuwa na ua wa zege na ghala refu nyuma. Lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume mlangoni, turubai limelifunika nusu, na vibarua wawili walikuwa wakipakia fito za kupimia zenye mistari myekundu na myeupe. Dereva mzee alikuwa amekaa ndani ya lori akila karanga. Alipomwona alisema, "Shemeji, karibu," kama alivyomsalimu siku zote kwa utani alipomleta Mpima kwake, kisha akakumbuka hali ilivyo, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mpima alikuwa ndani ya ghala, akikagua darubini ya kupimia kabla haijafungiwa sandukuni. Alimwona akiingia, maji yanamtiririka, shali imegandia kifuani. Macho yao yakakutana, na kwa kitambo kile kifupi Mhariri aliona furaha ikija usoni mwake, halafu akaiona inaondolewa, kama mtu anavyoondoa kitu mezani kabla mgeni hajakaa.

"Umekuja kwa ajili ya kitabu?"

"Kitabu kiko mashineni tangu jana. Naweza kuwapigia simu wasimamishe."

"Acha. Zile kurasa hazikuwa za kitabu."

Mhariri alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakampotea. "Sikujua," alisema.

"Ulizisoma mara tatu."

"Mama ndiye aliyenitambua. Leo asubuhi, alitaka kuchora mkono wa gauni. Kwa bega."

Mpima alicheka kidogo puani, kicheko kisichofika popote. "Mama yako asiyenipenda."

"Asiyekupenda. Ndiye aliyeuliza uko wapi."

Nje kitu kizito kiliangushwa ndani ya lori, mtu akalalamika kuhusu vidole vyake. Mpima alifunga sanduku la darubini, komeo moja, la pili. Aliongea akiliangalia sanduku.

"Nilikuandika mpaka kovu. Nilibakiza jina tu. Niliogopa nikiweka jina utaona haya mbele ya watu wa kiwandani. Nikasema huyu ni mhariri, kazi yake ni kusoma, ataona. Wiki nzima sikulala nikisubiri Alhamisi. Nafika, nakuta umeshanijibu. Kwa penseli, na mshale wa kutoa."

"Nilikuwa naujibu ukurasa. Sikukujibu wewe."

"Na mwanamke wa kwenye ukurasa?"

"Sikumjua. Nitamjuaje? Yule anatazamwa kurasa kumi na tisa, na anayemtazama hachoki. Mimi nilikuwa na mume miaka sita, siku niliyokata nywele zote aliniuliza kama nimehamisha kabati. Nikisoma mwanamke anatazamwa hivyo, najua ni hadithi. Na tena ni ya mji usio na jua."

Mpima aliinua uso. Huko ndiko alikokuwa anaogopa kufika, maana akimtazama angelainika, na alilainika. Alipiga hatua moja. Mkono wake ulinyanyuka kuelekea ile shali iliyokuwa imeteleza upande wa kushoto, ukafika nusu ya njia, ukarudi.

"Nakuamini," alisema. "Na hilo ndilo baya zaidi. Afadhali ungenikataa. Anayekukataa angalau amekuona."

"Nimekuona. Miaka minne, kila Alhamisi."

"Umeniona?"

"Niulize chochote."

Mpima alimtazama bila hasira. "Geuka basi. Tazama ukuta. Nieleze nilivyo."

Mhariri aligeuka. Ukutani palikuwa na kalenda ya zamani na orodha ya vifaa. Alifumba macho. Hili ni jambo dogo, alijiambia, huyu ni mtu ninayempenda.

"Mrefu," alianza. "Si mrefu sana. Una ndevu."

"Ninazo?"

Alikuwa amezungumza naye sasa hivi, uso kwa uso, urefu wa mkono mmoja.

"Ulikuwa nazo," alisema.

"Nilizinyoa mwaka juzi. Nimevaa nini?"

"Shati."

"La rangi gani?"

Mvua ilisikika juu ya paa la ghala. Mhariri alijitafuta kichwani kama anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, akikoroga, akitoa vitu visivyotakiwa. Akapata kitu. "Najua unavyoandika," alisema haraka, kuuambia ukuta. "Ukiogopa, sentensi zako zinakuwa fupi. Ukitaka kuficha jambo, unaongeza rangi. Ukiwa na huzuni unaanza aya na *Basi*. Ile wiki aliyokufa baba yako hukuniambia, lakini nilijua, kwa sababu sura nzima haikuwa na mtu anayeketi. Wote walikuwa wamesimama. Hakuna anayekusoma kama mimi. Hakuna."

Mpima aliposema, sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyepigwa mahali alipodhani hapaumi.

"Ni kweli. Hakuna."

"Basi je?"

"Basi hiyo ni miswada. Mimi niko hapa, nyuma yako."

Dereva alipiga honi mara moja, kwa adabu. Mpima alinyanyua sanduku. Alisema hana hasira, hasira ilikwisha wiki ya pili. Alisema amefanya hesabu zake na ameona kwamba akibaki atarudi kwenye kile kiti siku za Alhamisi, na ataendelea kupunguzwa kidogo kidogo na mtu anayempenda, na siku moja hakitabaki cha kupunguza. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mpaka wa kiwanja unapita wapi.

"Nikusubiri?" Mhariri aliuliza. Bado alikuwa anatazama ukuta, maana hakuambiwa ageuke, na kwa sasa uso wake haukuwa wa kuonyeshwa.

"Usinisubiri," alisema. "Sijui atakayerudi atakuwa nani. Na wewe humjui anayeondoka."

Alisikia hatua zake zikitoka. Hapo akageuka.

Mpima alikuwa anavuka ua kuelekea kwenye lori, na Mhariri akaenda mlangoni akaanza kumtazama kama hajawahi kumtazama mtu. Shati lilikuwa la kijivu. Si kijivu, lilikuwa la bluu lililofuliwa sana, na kola imegeuzwa na fundi ili upande uliochakaa uende ndani. Alitembea akiutanguliza mguu wa kulia. Sikio moja lilikuwa limekaa karibu zaidi na kichwa kuliko jingine. Nyuma ya shingo palikuwa na mstari uliochomwa na jua, juu yake weusi, chini yake weusi mwingine laini, na katikati nukta ndogo ya kuzaliwa ambayo pengine hata yeye mwenyewe hakuijua. Aliposimama kumpa kibarua sanduku alisimamia kisigino. Alikuwa na mvi. Tangu lini alikuwa na mvi? Nne, tano, upande wa kushoto. Kamba za kiatu zilikuwa za rangi mbili. Alipopanda alishika mlango kwa juu, akainama zaidi ya ilivyohitajika, kama mtu aliyewahi kugonga kichwa hapo na hataki tena. Kisha akakaa, akageuza uso kuangalia nje, na Mhariri akaona kwamba bila ndevu alikuwa na kidevu kidogo, cha kitoto, kilichotetemeka.

Alihisi mama yake angeweza kumshonea mtu huyu nguo bila kumpima. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Lori likaunguruma, likatoka polepole kwenye geti. Mkono wa Mpima ulikuwa umetoka nje ya dirisha, umelalia mlango, mvua inaudondokea, na Mhariri akakimbia hatua mbili tatu mbele akipangusa maji machoni apate kuuona: vidole, kucha, kama kuna kovu. Lori likakata kona. Alikuwa bado hajafika kwenye mikono.